Jua la Chumba cha Wageni

Rishton, 2 Machi 1998

Mwanangu Nafosat,

Salamu kutoka kwetu sote. Tu wazima, theluji imeyeyuka na ua mzima umekuwa tope. Usinilaumu kwa kuandika badala ya kupiga simu. Unajua sikio langu la kulia nililiacha kwenye kiwanda cha mbao, na ile simu ya posta hata mwenye masikio mawili haimsaidii.

Habari ni hii: mdogo wako Dilmurod ameposa na tumekubaliwa. Binti anaitwa Barno, wa mtaa wa juu, baba yake mfinyanzi, watu wa maana. Harusi Oktoba. Dilmurod ndiye kitinda mimba, kwa hiyo nyumba ni yake na sisi wazee ni mzigo wake, lakini siwezi kumwingiza mkwe kwenye nyumba inayovuja. Tunaibomoa tujenge mpya hapo hapo. Ile mipopla niliyoipanda wiki aliyozaliwa imenenepa, itatosha boriti zote.

Wewe huko Tashkent watu wanakulipa uwachoree nyumba. Basi mchoree baba yako bure. Kazi ni nyepesi, maana nimeshafikiria kila kitu. Kaskazini ni barabara, kwa hiyo huko ukuta mtupu bila dirisha, kama kwa watu wote wenye haya. Kusini ni bustani, na nyuma ya bustani milima. Chumba cha wageni kitazame bustani: urefu hatua kumi na mbili, madirisha matano. Jirani yetu Haji Sobit ana manne. Vyumba vya kulala vifuatane nacho. Jiko libaki pale pale nyuma, kwenye ukuta wa barabara. Mama yako amelizoea.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako,
Usta Ergash


Tashkent, 14 Machi 1998

Baba mpendwa,

Hongera kwa posa. Mwambie Dilmurod afanye mazoezi ya kuamka mapema, asije akaaibisha ukoo.

Ramani nimeambatisha. Kaa chini kwanza kabla hujaifungua.

Umeona? Najua umesimama tena. Nisikilize. Jiko nimelileta mbele, kusini, upande wa bustani, lenye madirisha mawili na mlango wa kutokea nje, hatua nne tu kufika kwenye mrehani na kotmiri, hatua sita kufika kwenye tanuri la mikate. Chumba cha wageni nimekisogeza kwenye pembe ya kaskazini, karibu na lango. Wageni wako wa kiume wataingia na kutoka bila kukatiza ua. Hilo hata wewe huwezi kulipinga.

Hesabu ya jua ni hii. Wakati wa kiangazi jua liko juu, paa la baraza litalizuia. Wakati wa baridi jua linashuka, linapita chini ya paa na kuingia ndani mpaka ukuta wa nyuma. Jua hilo la baridi ni mali, Baba, na nyumba yetu inalo upande mmoja tu. Wewe unataka kulitandika kwenye chumba kinachofunguliwa siku kumi kwa mwaka. Nimekua katika jiko lile. Nilisoma humo nikiwa nimeacha mlango wazi mwezi wa Januari ili nione maandishi, na Mama akikatakata karoti kwa kupapasa. Magoti yake yameharibikia mle kwenye baridi na giza. Siwezi kuchora giza lile mara ya pili kwa mkono wangu. Nakwambia waziwazi: sitalichora.

Nisalimie Mama.

Binti yako,
Nafosat


Rishton, 29 Machi 1998

Nafosat,

Nimeifungua nikiwa nimekaa, nikasimama, nikakaa tena. Mwenzangu mmoja wa kazini akaniuliza kama nimefiwa.

Chumba cha wageni kwenye pembe ya kaskazini! Nimsimamishe mkwe wangu mfinyanzi gizani, nimwambie karibu, ukuta huu, na ule pale ni ukuta pia? Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Nyumba inajulikana kwa pale mgeni anapokaa. Hakuna aliyewahi kutoka kwa watu akasifu jiko.

Na hicho kidirisha ulichokichora juu juu upande wa barabara, “cha kupitisha hewa tu”, nimekiona. Usidhani sikukiona. Dirisha barabarani? Watu waseme Usta Ergash amefungua duka, wamuulize anauza nini?

Wewe ni fundi wa karatasi, mwanangu, na karatasi haina majirani. Mimi siitwi Usta, yaani fundi, bure: nimesimamisha nyumba sitini katika mji huu na hakuna hata moja iliyokosa chumba cha wageni upande wa jua. Rudisha madirisha yangu matano mahali pake. Msaragambo ni Jumamosi tarehe 25 Aprili, majirani arobaini wanakuja kuchimba msingi.

Mama yako anakusalimu. Ameitazama ramani, anasema karatasi ni nzuri.

Baba yako,
Usta Ergash


Tashkent, 8 Aprili 1998

Baba,

Basi na iwe utakavyo. Wewe ndiye mwenye nyumba na mwenye miaka. Nakutumia ramani nyingine, madirisha matano, mkwe wako asigongane na kuta.

Ingawa wahenga hao hao walisema pia, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Nafosat


Tashkent, 8 Aprili 1998

Dilmurod,

Barua hii isome kisha iingize kwenye jiko la mkaa. Baba nimemwambia nimekubali. Sijakubali.

Asubuhi ya msaragambo atakwenda kiwandani kupasua ile mipopla, umeniambia mwenyewe, na hatarudi kabla ya saa nne. Wewe alfajiri pigilia vigingi na uvute kamba kwa ramani yangu ya kwanza, hii hapa nimeinakili kwa vipimo vyote. Watu arobaini wakishika sepetu kufika saa nne msingi umeshakwenda chini nusu. Baba hatafukia msingi mbele ya majirani, atakufa kwa haya kwanza. Atakasirika wiki mbili, kisha atasema lilikuwa wazo lake.

Fanya kwa ajili ya Mama. Ndiyo mara ya mwisho tunaweza kumpa jua.

Dada yako


Rishton, 25 Aprili 1998

Dada,

Alirudi saa mbili. Msumeno wa kiwandani ulikatika ukanda.

Usiniulize kitu. Mama anasema atakuandikia mwenyewe, na amenitoa kwenye kibanda tunamolala tangu tubomoe nyumba, ili aandike.

Dilmurod


Rishton, 26 Aprili 1998

Nafosat, roho yangu,

Unashangaa kuona mwandiko wangu. Hata mimi nashangaa. Nilimaliza shule kwa alama za juu, lakini miaka yote baba yako huandika barua na kunipa mstari mmoja wa mwisho, na mstari mmoja hautoshi kusema chochote ila salamu.

Nitakueleza ya jana. Watu walifika karibu saa mbili, arobaini na zaidi. Mdogo wako alishavuta kamba, anachungulia lango kama mwizi wa kuku. Hawajatia sepetu chini sawasawa, mara trekta linaingia na baba yako juu yake amekalia magogo. Aliziona kamba kabla hajaniona mimi. “Nani kaweka hizi?” Dilmurod akasema, mimi. Baba yako akang'oa kigingi cha kwanza. Dilmurod akakirudisha. Baba yako akang'oa tena. Ndivyo walivyoendelea, mmoja anang'oa mwenzake anapigilia, na majirani wameegemea sepetu wanatazama mchezo.

Kisha na majirani wakaingia. “Usta, jiko gizani si vizuri, mama wa watu anaumwa magoti.” “Wewe nyamaza, kwako jiko liko wapi?” “Mama wa watu amezoea jiko lake, mwacheni!” Baba yako akapaza sauti kama ujuavyo, maana hasikii sauti yake mwenyewe: “Mke wangu mimi namjua! Hataki mabadiliko!” Na mdogo wako: “Mama anataka jiko lenye jua! Muulize Nafosat!”

Muulize Nafosat. Mimi nimesimama hatua tatu kutoka kwao na bakuli la vitunguu mkononi, na ninaambiwa aulizwe Nafosat aliye ng'ambo ya milima.

Nikaweka vitunguu chini. Nikafunga stoo, mchele na mafuta na nyama vyote vimo ndani, ufunguo nikautia mfukoni. Nikachukua ndoo, nikaifudikiza katikati ya kamba zao, nikakaa.

Nusu saa nzima hakuna aliyeelewa. Wakaja wakaniuliza, dada Sharofat, moto tuwashe? Nikasema, hapana. Chai? Hapana. Mpaka jua likapanda, matumbo yakaanza kusema yenyewe. Ndipo baba yako akaja akachuchumaa mbele yangu, amekuwa mwekundu mpaka shingoni, akaniita Sharofat. Mbele za watu! Tangu anioe, mimi ni “mama wa watoto”. Akasema, “Sharofat, usinitie aibu. Unataka nini?”

Nikamwambia, nataka chumba chenu cha wageni.

Nafosat, miaka thelathini na moja nimebeba sinia mpaka kizingiti cha chumba kile. Wakija wageni wa kiume siingii. Wakija wa kike nakaa mlangoni na birika, maana anayekaa mlangoni ndiye anayemimina. Pale juu, mahali pa heshima mbali na mlango, penye magodoro mapya na dirisha, sijakaa hata siku moja. Madirisha yake niliyajua kwa nje, nilipoyaosha. Miaprikoti ile ya bustanini nimeipanda mimi, maji nimeipa mimi, na kila mwaka ikichanua kuna mtu mwingine amekaa anaitazama na kumsifu baba yako. Nikawaambia watu wale: jengeni chumba kikubwa mpendavyo, madirisha matano, hata sita, lakini kitakuwa chumba cha kukaa kila siku, na pale juu nitakaa mimi. Baba yako akasema, “Na wageni?” Nikamjibu, wakija watanikuta.

Mmoja alicheka. Aliona hakuna anayemfuata, akaacha.

Wakauliza, na jiko? Nikasema jiko si langu tena. Kuanzia Oktoba ni la Barno, kamuulizeni yeye. Hapo ndipo kelele zilipopanda hasa! Bibi harusi aulizwe nyumba kabla ya ndoa! Nikamtuma shangazi yako mtaa wa juu kwa kisingizio cha kupima mapazia. Alirudi na majibu kabla ya adhuhuri. Barno anasema jiko liwe upande wa mashariki, lipate jua la asubuhi, kwani kazi kubwa ni ya asubuhi. Mlango mmoja wa kutokea bustanini. Na dirisha litazame lango kwa ndani ya ua, ili ajue wameingia watu wangapi kabla hajaweka maji ya chai. Milima hana haja nayo, anasema ameiona tangu azaliwe. Nimeshampenda mtoto huyo.

Basi nikafungua stoo. Msingi hawakuchimba, walifyatua matofali na kula pilau, watarudi tarehe 16 Mei.

Sasa wewe. Ramani yako ilikuwa nzuri, nilipoiona nililia. Umeniwekea jua lote la nyumba, mwanangu, ukaliweka jikoni. Baba yako alitaka nibaki jikoni kwenye giza, wewe ulitaka nibaki jikoni kwenye mwanga. Sikulaumu, umetaka kunifaa. Lakini ungeniuliza ningekwambia.

Mama yako,
Sharofat


Tashkent, 4 Mei 1998

Mama yangu,

Barua yako nimeisoma ofisini, nikacheka mpaka wenzangu wakasogea, kisha nikatoka nje nikalia kwenye ngazi.

Nimeona aibu, sikufichi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wewe ndiye uliyenifundisha methali hiyo. Wateja wangu huwauliza mpaka wanachoka: unaamka saa ngapi, unalala upande gani, unapenda kuona nini ukinywa chai? Mama yangu mwenyewe nilimchorea bila swali hata moja, kwa kuwa nilidhani ninakujua. Nilikuwa ninalijua jiko.

Basi sasa nauliza. Utakuwa unakaa chini kwenye godoro, si kitini, sivyo? Mafundi wote hujenga kizingiti cha dirisha kwa urefu wa mtu aliyesimama, na aliyekaa chini haoni ila mbingu. Kaa kama utakavyokaa, umwite Dilmurod apime kwa tepu kutoka sakafuni mpaka kwenye macho yako. Nitumie namba hiyo, na chumba kizima nitakipanga kutokea hapo.

Na useme unataka dirisha la ngapi.

Nafosat wako


Rishton, 9 Mei 1998

Nafosat,

Sentimita sabini na mbili. Lakini chora kizingiti kiwe cha arobaini na tano, maana nitazeeka nipungue.

La tatu, la katikati. Ndilo lenye mlima na miti kwa pamoja.

Mama


Rishton, 15 Mei 1998

Fundi wa karatasi,

Dereva wa lori ameniletea ramani yako mpya. Kizingiti cha sentimita arobaini na tano! Kuku wataingia.

Nitakijenga. Usifurahi sana.

Baba yako


Rishton, 24 Januari 1999

Mwanangu Nafosat,

Idi imepita salama, na sasa tumo ndani ya zile siku arobaini za baridi kali, zinazopasua mawe. Ulipokuja harusini Oktoba jua lilikuwa bado juu, ulichokiona si kitu. Nakuandikia ujue yanayotokea humu sasa hivi.

Saa sita mchana jua linapita chini ya paa la baraza, linaingia kwa madirisha yote matano na kwenda mpaka ukuta wa nyuma. Nilipima kwa tepu mara tatu. Hesabu yako imekosea kwa sentimita nne, nimeona nikuambie. Hatuwashi makaa mpaka alasiri. Barno anakausha nguo za Dilmurod humo wageni wasipokuwepo, na siku hizi hata wakiwepo. Jikoni kwake ukigonga lango tu, kabla hujafika barazani vikombe vimeshapangwa kwa idadi yenu. Haji Sobit amekuja mara mbili kuhesabu madirisha, na mara ya pili alikuja na fundi wake. Nimesimamisha nyumba sitini na moja na hii ndiyo bora, nalisema hilo wala sioni haya, ingawa nusu ya sifa nitakupa wewe. Robo.

Lakini hilo silo lililonifanya nishike kalamu.

Jana mkwe wetu mfinyanzi, baba yake Barno, amekuja kutupa mkono wa Idi pamoja na kaka zake wawili. Idi ya kwanza tangu harusi. Unajua mgeni wa namna hiyo hakuna aliye juu yake, na mahali pake ni pale juu, si pengine. Walipobisha ilikuwa saa sita na nusu. Mama yako alikuwa pale juu, dirisha la tatu, ameweka mto mgongoni na mguu unaomsumbua ameunyosha kwenye jua. Anachambua mchele, na kila punje chache anatazama nje. Miti haina hata jani, sijui anatazama nini. Anasema anatazama tu.

Wageni wakasimama mlangoni. Mama yako akawaona, akaweka sinia kando, akashika kizingiti cha dirisha ili ainuke awapishe. Mazoea ya miaka hayatoki kwa miezi mitatu. Nikaona goti linamgomea, na mkono umeshika ule ubao nilioupiga randa mwenyewe, na kwenye uso wake nikaona mtu anayerudi kazini baada ya likizo fupi. Nilijiuliza ni mara ngapi ameinuka hivyo huku mimi nimempa mgongo, naongea na watu.

Nikamwendea nikaweka mkono begani mwake, nikamwambia, “Kaa.” Akaninong'oneza, “Una wazimu? Ni mkwe.” Nikasema kwa sauti, na sauti yangu unaijua, “Kaa, mama, hapo ni pako.”

Mfinyanzi akatazama pale juu, akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama na mikate, na Barno akainamisha kichwa ili asionekane anacheka. Kisha mzee wa watu akavua kofia ya manyoya, akamsalimia mama yako kwa mkono kifuani, akaketi pale pale alipofika, dirisha la nne. Kaka zake wakamfuata. Mama yako akabaki amekaa. Alikuwa ameshika ukingo wa blanketi kwa mikono miwili kama mtu aliyepanda gari linalokimbia, lakini alikaa.

Mahali palipobaki palikuwa mlangoni, kwenye birika. Nikakaa mimi. Nikamimina bakuli la kwanza la chai, likapita mkono kwa mkono, likampita kaka mdogo, likampita kaka mkubwa, likampita mkwe wetu mwenyewe, mpaka likafika kwa mama yako.

Baba yako,
Ergash